Kuanzia kwenye Mizani: Mwongozo kwa Kijana wa Tanga Anayetaka Kazi ya Ndege Ndogo

Asubuhi moja katika kiwanja cha ndege cha Tanga, bibi mmoja aliyekuwa anakwenda Pemba alinigomea kupanda kwenye mizani. Alikuwa na mkoba wa ukili begani, kikapu cha machungwa ya Muheza mkononi, na uso wa mtu ambaye hajazoea kuamrishwa na vijana. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nakwenda Wete kumtazama mjukuu, nipimwe kama robota la katani?" Nilimwamkia mara ya pili, nikapanda mimi kwanza juu ya mizani, nikamwonyesha namba yangu, nikamweleza kwamba hata kapteni hupimwa. Akacheka, akavua kandambili zake ili zisije zikamwongezea, akapanda. Wakati huo nilikuwa rubani msaidizi, mwenye leseni ya biashara na tepe mbili begani, na kazi yangu ya saa nzima ya kwanza ilikuwa hiyo: kupima watu, kupima vikapu, na kuandika.

Naanza na kisa hiki kwa sababu vijana wengi wa Chumbageni, Makorora na Ngamiani wanaoniuliza habari za kazi hii huuliza kwanza sare, mshahara na chuo, ilhali kazi ya shirika dogo la ndege huanzia chini, kwenye mizani, na anayeona kazi ya mizani ni ya chini kwake hatadumu. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule anayetaka kuwa rubani au mhudumu katika ndege zinazounganisha miji kama Tanga, Pemba, Unguja, Dar es Salaam na Mafia, pamoja na viwanja vya hifadhini kama Saadani, ambako ndege ni ndogo, safari ni fupi, na watumishi ni wachache.

Ukubwa wa ndege ndio unaoamua

Kabla ya kuchagua chuo, fahamu kanuni moja inayowapotezea wengi muda na fedha. Mhudumu huwekwa ndani ya ndege kwa sababu ya usalama, na idadi ya wahudumu hupangwa kwa idadi ya viti: mhudumu mmoja kwa kila viti 50 au sehemu ya 50, na ndege yenye viti vya abiria visivyozidi 19 hailazimiki kuwa naye. Ndege inayoonekana zaidi katika anga ya Tanga ni Cessna 208B, ile inayoitwa Grand Caravan, yenye injini moja ya pangaboi na nafasi ya abiria 12 au 13. Humo hamna mhudumu, wala choo, wala toroli la chai. Anayefunga mlango, anayekagua mikanda na anayewaeleza abiria mahali jaketi za kuokolea zilipo ni rubani mwenyewe.

Kwa hiyo binti au kijana anayetaka kuwa mhudumu, akapeleka barua kwa shirika lenye Caravan pekee, anasubiri nafasi isiyokuwapo. Nafasi yake iko kwenye ndege za ukubwa wa kati, yaani ATR 42 yenye viti 48 hivi, ATR 72 yenye viti 70 hivi, au Dash 8 ya viti 76 kama zile za Air Tanzania. Hizo hazina kituo Tanga, na hapo ndipo pana ukweli mwingine wa kuupokea mapema: Tanga ni mahali ndege zinapotua na kuondoka, ila si mahali zinapolala. Kituo cha kazi kitakuwa Dar es Salaam, Arusha, Mwanza au Zanzibar. Waja leo waondoka leo, kama tunavyojisema wenyewe, na safari hii msemo huo unawahusu wenyeji.

Afya kwanza, ada baadaye

Nimewaona watu wawili waliolipa ada ya urubani kabla ya kupimwa macho, na mmoja wao akagundua akiwa katikati ya masomo kwamba hawezi kutofautisha baadhi ya rangi. Usifanye hivyo. Rubani wa biashara anahitaji cheti cha afya cha daraja la 1, kinachotolewa baada ya vipimo vya macho, masikio, moyo, damu, mkojo na mazungumzo marefu kuhusu maradhi uliyowahi kuugua. Vipimo hivyo hufanywa na madaktari walioidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, si na daktari yeyote mwenye mhuri, kwa hiyo weka kando nauli ya kwenda Dar es Salaam. Kuvaa miwani pekee hakumzuii mtu, maadamu kwa miwani hiyo anaona inavyotakiwa. Cheti hudumu miezi 12, na rubani aliyevuka umri wa miaka 40 anayebeba abiria akiwa peke yake hurudi kwa daktari kila baada ya miezi 6. Mhudumu naye hupimwa afya, ingawa masharti yake ni mepesi kuliko ya rubani.

Ongezea jambo moja ambalo hakuna daktari atakayekukumbusha kila siku. Caravan haina mfumo wa kudhibiti hewa ya ndani kama ndege kubwa, kwa hiyo masikio yako yanapanda na kushuka pamoja na ndege mara nane kwa siku. Ukiwa na mafua mazito, baki nyumbani.

Njia ya rubani

Ngazi za leseni ni tatu, na namba zake hazitofautiani sana kutoka nchi moja hadi nyingine kwa kuwa zote zimetokana na viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Leseni ya rubani binafsi, PPL, hutolewa kuanzia umri wa miaka 17 kwa aliyeruka saa 40. Leseni ya biashara, CPL, ambayo ndiyo inayokuruhusu kulipwa, hutaka umri wa miaka 18 na saa 200, au saa 150 kwa aliyesoma mfululizo katika kozi moja iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ATPL, hutaka umri wa miaka 21 na saa 1,500, na kwa mtu anayeanza leo hiyo ni habari ya miaka ijayo.

Darasani utasoma sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa safari, kanuni za urukaji, mifumo ya ndege, utendaji wake na upangaji wa safari, tabia na mipaka ya mwili wa binadamu, taratibu za kazi na mawasiliano ya redio. Aliyefaulu Fizikia, Hisabati na Jiografia pale Usagara au Tanga Ufundi hatababaika, ingawa nimefanya kazi na rubani mzuri aliyesoma masomo ya biashara na akajifundisha Fizikia upya jioni. Kiingereza cha redio nacho hupimwa: unatakiwa kufikia kiwango cha 4 cha ICAO kwa uchache, ambacho hupimwa tena kila baada ya miaka 3. Kinachopimwa ni kueleweka na kuelewa, hasa mambo yanapokwenda kombo, wala si lafudhi. Lafudhi ya kimwambao haina tatizo lolote.

Kuhusu mahali pa kusomea, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichoko Mabibo, Dar es Salaam, kina mafunzo ya fani za anga, na Watanzania wengi pia wamesomea Nairobi katika kiwanja cha Wilson, Afrika Kusini, au Ethiopia. Popote uendapo, uliza maswali matatu kabla ya kulipa: chuo kina ndege ngapi zinazoruka leo, si zilizoegeshwa, kina wakufunzi wangapi, na wanafunzi wa mwaka juzi walimaliza kwa miezi mingapi. Gharama ya CPL huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola za Marekani, na chuo chenye ndege moja nzima na wanafunzi 30 kitakumalizia fedha za pango na chakula kabla hujamaliza saa zako. Usilipe ada yote kwa mkupuo. Lipa kwa awamu, kwa kadiri saa zinavyoruka. Ukisoma nje ya nchi, kumbuka kwamba leseni ya huko haikupi ruhusa ya kuruka ndege yenye usajili wa Tanzania mpaka TCAA iikubali na kuibadilisha kwa taratibu zake, ikiwa ni pamoja na mtihani wa sheria za hapa kwetu.

Sasa nakuja kwenye shimo ambalo wengi hutumbukia. Mhitimu anarudi nyumbani na CPL yake na saa 200, familia imefanya dua, jirani wamekuja kunywa kahawa na kula kashata, halafu mwaka mzima unapita bila kazi. Sababu ni kwamba mashirika mengi hutaka saa 500 au zaidi, na mara nyingi sharti hilo halitoki kwa mwenye ndege bali kwa kampuni ya bima. Njia ninazozijua za kuvuka shimo hilo ni tatu. Ya kwanza ni kuwa mkufunzi katika chuo, ambako unalipwa kidogo na saa zinapanda. Ya pili ni kuanza kazi ya ardhini katika shirika, ukiwa ofisa wa safari, mpakiaji au mhudumu wa dawati la abiria, huku ukiomba kiti cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi, kila kinapobaki wazi. Hii ndiyo niliyopita mimi, na ndiyo ninayoipenda zaidi kwa kuwa ukija kuwa rubani utakuwa umeshajua nusu ya kazi. Ya tatu ni kukubali mkataba ambao shirika linakugharimia mafunzo ya aina ya ndege yao nawe unajifunga kulitumikia miaka kadhaa. Mkataba wa namna hiyo si mbaya kwa asili yake, lakini usome neno kwa neno pamoja na mtu anayejua sheria, na uangalie hasa kama deni hupungua kila mwezi unaofanya kazi au hubaki zima mpaka siku ya mwisho.

Njia ya mhudumu

Mafunzo ya mwanzo ya mhudumu ni mafupi kuliko ya rubani, na mtu asiyeyajua hudhani ni mafunzo ya tabasamu. Sehemu kubwa ni moto, moshi, maji, damu na milango. Utajifunza kuzima moto ndani ya chumba chembamba, kumhudumia aliyezimia, kumtambua abiria mwenye nia mbaya, kuzifahamu bidhaa za hatari, na kufungua kila mlango wa ndege husika mpaka mikono izoee bila macho. Baada ya hapo huja mafunzo ya aina mahususi ya ndege, kwa sababu mlango wa ATR haufunguki kama wa Dash 8. Hakikisha kwamba kituo unachosomea kimeidhinishwa na TCAA kwa kozi hiyo hasa. Mjini kuna vyeti vingi vya "uhudumu wa ndege" vilivyopambwa vizuri ambavyo shirika halitavigusa.

Jifunze kuogelea. Mtoto wa Tanga kushindwa kuogelea wakati Raskazone iko pale pale ni aibu ndogo tunayoweza kuirekebisha kwa mwezi mmoja. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya ATR 42 iliyokuwa ikikaribia Bukoba ilianguka katika Ziwa Victoria. Watu 19 walifariki na 24 wakatoka hai, na wavuvi wa mitumbwi ndio waliofika mwanzo. Katika ATR abiria hupandia na kushukia mlango wa nyuma, na pua ya ndege inapozama, mlango huo ndio unaobaki juu. Mhudumu anayekaa karibu nao ana sekunde chache za kuamua. Hapo hapana nafasi ya kukumbuka ukurasa wa kitabu.

Somo la jaketi la kuokolea lina historia yake pia. Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija, na kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walifariki. Wengi walikuwa wamejaza hewa jaketi zao wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi ziliwabana kwenye dari, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Kwa hiyo unapowaeleza abiria wa Pemba habari za jaketi, usiyaimbe maneno kama kasuku. Mtazame mmoja mmoja, sema kwa Kiswahili kinachoeleweka: "Vaa ukiwa ndani, jaza upepo ukishatoka." Rudia mara mbili. Rubani wa Caravan anayevuka mkondo wa Pemba kwa injini moja ana wajibu huo huo, na kwa kweli ana sababu zaidi ya kuutimiza vizuri.

Hesabu ya uzito, kwa mfano

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hili ndilo swali utakaloulizwa kwenye usaili na ndilo utakalolifanya kila siku. Grand Caravan ya kawaida hairuhusiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi kilo 3,969. Chukua, kwa ajili ya mfano tu, ndege ambayo pamoja na marubani wawili na vifaa vyake ina kilo 2,400. Zimebaki kilo 1,569. Weka mafuta ya kilo 400, ambayo ni takribani lita 500. Injini hiyo hunywa lita 200 hivi kwa saa, kwa hiyo una muda wa kutosha kwenda Pemba na Unguja na kubaki na akiba. Zimebaki kilo 1,169. Sasa wanakuja abiria 12, kila mmoja na kilo 85 za mwili na 15 za mzigo, ambazo ndizo mashirika mengi ya ndege ndogo huruhusu. Jumla ni kilo 1,200. Umezidi kwa kilo 31, na bado bibi hajataja kile kikapu cha pili kilichoachwa kwa dereva wa teksi.

Utafanyaje? Mwanafunzi husema atapunguza mafuta. Anaweza, iwapo tu mafuta yatakayobaki yanatosha safari, kiwanja mbadala na akiba ya kisheria, na hapo ni lazima arudie hesabu badala ya kukisia. Akishindwa, mzigo unabaki na kufuata kwa ndege ijayo, na mwenye mzigo anaambiwa kabla hajapanda, kwa heshima, na si baada ya kufika Chake Chake na kukuta begi lake halipo. Kumwacha abiria ni hatua ya mwisho. Kuandika kilo 85 kwa mtu unayemwona wazi kwamba ana 120, ili karatasi ikae sawa, si hatua hata kidogo.

Uzito ukishakuwa sawa, bado kuna mahali unapokaa. Mlango wa abiria wa Caravan uko nyuma kulia, na ndege ikiwa tupu mbele, watu wakijazana mlangoni mkia hushuka. Ndiyo maana kuna mguu wa chuma unaowekwa chini ya mkia wakati wa kupakia. Katika mwezi wangu wa pili kazini niliusahau. Abiria wanane walipanda, wakasimama nyuma kupigana picha, na pua ya ndege ikaanza kunyanyuka taratibu mbele ya macho yangu kama jahazi linalopandwa na wimbi. Mkia uligusa chini. Hakuna aliyeumia, lakini fundi alilazimika kuikagua ndege, tukachelewa saa mbili, na kapteni hakunipigia kelele. Alinikabidhi ule mguu wa chuma nikae nao mapajani mpaka fundi amalize. Tangu hapo hukaribisha abiria wawili wawili, wa viti vya mbele kwanza, na kuwaelekeza wapitie nyuma ya bawa bila kukaribia pangaboi, hata kama limesimama.

Bidhaa zinazokatazwa zitakuletea mabishano zaidi ya uzito. Mtungi wa gesi haupandi, petroli haipandi hata kama ni "kidogo tu ya jenereta", na betri za ziada za kuchajia simu hukaa na abiria mkononi, kamwe si kwenye tumbo la ndege, kwa kuwa zikishika moto huko chini hakuna wa kuziona. Doriani haikatazwi na sheria yoyote ninayoijua. Laiti ingekatazwa.

Hewa ya pwani yetu

Ripoti za Mamlaka ya Hali ya Hewa husomwa kabla ya kila safari, lakini pwani hii ina mazoea yake ambayo mabaharia waliyajua kabla yetu. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba, na kaskazi hutawala Desemba mpaka Machi, na rubani anayetua Tanga, Pemba na Unguja kwa siku moja hukutana na upepo huo huo ukimjia kwa pembe tofauti kila kiwanja. Masika, Machi mpaka Mei, mawingu hushuka hadi kufunika miguu ya Usambara, na mvua inayotoka baharini inaweza kuficha kiwanja kwa dakika 20 kisha jua likawaka kana kwamba hapakuwa na kitu. Mara nyingi kusubiri dakika hizo 20, ukizunguka juu ya bahari na mafuta ya kutosha, kuna faida kuliko kulazimisha. Viwanja vya hifadhini vina lao jingine: hakuna mwongoza ndege, unajitangaza mwenyewe redioni, na unapita chini mara moja kutazama kama kuna ngiri au nyati kabla ya kurudi kutua.

Kusema na mkubwa

Tumelelewa kumwamkia mkubwa na kunyamaza anaposema. Katika chumba cha marubani, shikamoo ibaki na ukimya uondoke. Rubani msaidizi aliyeona kosa akanyamaza kwa adabu anamkosea kapteni adabu kubwa zaidi. Jifunze kusema mapema, kwa ufupi na kwa kutaja jambo badala ya mtu: "Kapteni, mafuta yamebaki kilo 150, nashauri tugeuze Unguja." Akikataa bila sababu, rudia kwa sauti iliyo wazi zaidi. Waliolelewa katika nyumba za watu wazima wengi hupata shida na hili kuliko kitu kingine chochote walichofundishwa chuoni, na njia pekee niliyoiona ikifaa ni kuyatamka maneno hayo kwa sauti nyumbani, mara nyingi, mpaka yazoee mdomo. Mhudumu aliyesikia harufu ya moshi naye asingoje kuulizwa.

Kuomba kazi

Barua pepe hupotea. Andaa bahasha yenye nakala za leseni, cheti cha afya, ukurasa wa mwisho wa kitabu cha saa ulizoruka, cheti cha lugha na pasipoti, upande basi la alfajiri pale Kange, na uzigawe mwenyewe. Ndege ndogo za Dar es Salaam hutumia jengo la kwanza la abiria la kiwanja cha Julius Nyerere, na ofisi za mashirika mengi ziko jirani. Kiwanja cha Arusha nacho kimejaa mashirika yanayokwenda mbugani. Nenda katika miezi ya masika, wageni wanapopungua na mashirika yanafundisha watu wapya kabla ya msimu wa Juni. Vaa shati lililopigwa pasi, zungumza na mlinzi kwa heshima ile ile utakayozungumza nayo na mkuu wa marubani, na ukiambiwa urudi wiki ijayo, rudi.

Kwenye usaili wa urubani tegemea hesabu ya uzito, swali la hali ya hewa, na swali la aina hii: abiria ni ndugu wa mwenye shirika, mzigo umezidi, utasemaje? Kwenye usaili wa uhudumu watataka kukuona ukitangaza kwa Kiswahili na Kiingereza, ukifika kabati la juu kwa mkono, na ukijibu abiria anayekutukana. Usijibu kwa hadithi ndefu.

Ukipata kazi, nunua kalamu ya wino mweusi na uandike kitabu chako cha saa kila jioni kabla ya kula: tarehe, aina ya ndege, usajili wake unaoanza na 5H, ulikotoka, ulikokwenda, kiti ulichokalia, na muda. Mwisho wa mwezi kapteni au mkuu wa marubani atie saini, nawe upige picha kila ukurasa na kuuhifadhi mahali pengine, kwa kuwa kitabu kilicholowa maji Pangani hakirudishi saa 600 za mtu. Andika muda halisi. Tanga hadi Pemba kwa dakika 22 ni saa 0.4, usiandike 0.5.